Ukungu wa Magamba, leya juu ya leya

Kila nikiposti picha za msitu wa Magamba, kule juu ya Lushoto, kuna atakayeuliza natumia filta gani. Hakuna filta, jamani. Ni picha moja iliyolaliwa na nakala zake.

Aliyebuni ufundi huu ni Michael Orton, mpiga picha wa Kanada, miaka ya 1980, enzi za slaidi, yaani filamu angavu za picha. Alipiga mandhari moja mara mbili: picha ya kwanza kali, ya pili kaitoa kwenye fokasi makusudi, zote zikipewa mwanga kupita kiasi. Kisha akazibandika kwenye fremu moja. Mwanga huo wa ziada ulikuwa lazima, maana slaidi mbili zikilaliana giza huongezeka.

Mimi natumia GIMP, programu ya kuhariri picha. Ni ya bure, na kompyuta yangu kuukuu inaimudu. Leya (tabaka la picha) ya asili inabaki chini kabisa, siigusi. Nairudufisha, na nakala yake naipa mwanga kwa Screen, njia ya kuchanganya leya inayong'arisha. Nakala hiyo angavu nairudufisha pia, ya juu naitia ukungu wa Gaussian Blur, naiweka kwenye Multiply, njia ya kuchanganya inayotia giza, halafu hizo mbili nazifanya moja. Multiply ndiyo inayoleta lile giza la slaidi za Orton.

Kwa picha ya megapikseli 24 naanzia pikseli 25 za ukungu, nikipandisha taratibu mpaka matawi ya mbali yayeyuke. Picha ndogo inataka pungufu ya hapo. Kisha nashusha Opacity, yaani nguvu ya kuonekana ya leya hiyo ya ukungu, hadi asilimia 30 hivi. Wengi huiacha kwenye 100, matokeo yake picha inakuwa kama lenzi imepakwa mafuta ya nazi!

Utamu wenyewe uko kwenye maski, kifuniko kinachoficha sehemu za leya. Nachukua brashi nyeusi, laini, nafuta ukungu pale ninapotaka jicho litue: mipasuko ya gome la mkulo, au jani moja la kangaga lenye matone. Pasipo na kitu kikali, mtazamaji hana pa kushika.

Jua la saa saba mchana usihangaike nalo. Weupe wa anga unamwagikia majani na kijani chote kinapauka. Ndege nao siwafanyii hivi. Manyoya nayataka makali.

Hifadhi XCF, faili la GIMP linalotunza leya zote, si JPEG peke yake. Mteja akisema "punguza ukungu kidogo", unagusa Opacity ya leya tu, unamtumia.