Siku moja maishani mwangu: nachora dhoruba

Saa kumi na mbili asubuhi niko Feri, soko la samaki la Dar es Salaam. Samaki baadaye, kwanza namtafuta mzee mmoja, nahodha wa jahazi tangu sijazaliwa. Shikamoo, marahaba, kahawa na kashata. Namfungulia simu: dhoruba ya Bahari ya Galilaya aliyoichora Rembrandt mwaka 1633. Mzee anaikuza kwa vidole viwili, ananyamaza kidogo, kisha anaanza kuikagua. "Hawa wamechelewa kushusha tanga, ona lilivyowachanikia. Mshika usukani anajua kazi. Huyu anayetapika ubavuni si mtu wa bahari."

Namwambia picha yenyewe iliibwa Boston mwaka 1990, haijaonekana mpaka leo. "Mwizi naye alijua kuchagua," anasema.

Namuuliza ya kwangu sasa: upepo wa kusi ukichachamaa, jahazi linafanyaje? Anachora mezani kwa kidole. Foromali, ule mti unaobeba tanga, inashushwa, omo, yaani mbele ya chombo, inaelekezwa kwenye wimbi, shehena ikiwa nzito inatoswa, wengine wanakumba maji. Hayo ndiyo yaliyonileta. Mawingu meusi kila mtu anaweza kuyapaka. Dhoruba ya kwenye turubai inasimama kwa kamba na mikono ya watu.

Saa tatu, bandani kwangu Mwananyamala. Umeme upo, alhamdulillahi. Mpaka adhuhuri ni wimbi tu. Namfuata Ivan Aivazovsky, mchoraji wa bahari aliyechora "Wimbi la Tisa", 1850: wimbi lisiwe jeusi lote. Kileleni, pale maji yanapokuwa membamba, mwanga hupenya na rangi inageuka kijani cha chupa. Napaka tabaka jepesi, naliwashia feni likauke, napaka jingine. Aivazovsky alikuwa akichora bahari kwa kumbukumbu, ndani ya chumba, kwa kuwa wimbi halikai likakusubiri. Mimi kumbukumbu hiyo sina, ndiyo maana nina mzee wa Feri.

Saa saba anafika mteja, dada wa hoteli moja. Picha ni ya mapokezi. "Kaka, dhoruba nimeipenda. Ila hawa waliomo majini watatisha wageni." Najitetea kwa Géricault, mchoraji Mfaransa aliyeichora ajali ya namna hii: alivyowahoji manusura wa meli ya Méduse, iliyokwama pwani ya Mauritania mwaka 1816, na seremala wa meli akamtengenezea mfano wa chelezo, jukwaa la mbao walilojiokoa nalo. Watu kama 147 walipakiwa kwenye chelezo kile. Siku 13 baadaye waliokutwa hai ni 15. Dada ananitazama tu. (Takwimu za vifo si za kumpa mteja ambaye hajamaliza kulipa.)

Tunakubaliana: watu warudi chomboni, chombo kisizame. Kwangu si hasara. Alasiri nzima nawachora wakikumba maji kwa ndoo, migongo imepinda, na mmoja amekamata kamba ya foromali inayoshuka. Huyo peke yake amenila saa mbili. Kamba iliyolowa inashikwa kwa mkono mzima, si kwa vidole.

Saa moja usiku meseji inaingia: "Kaka, anga haliwezi kuwa bluu kidogo, lifanane na makochi?"

Nitamjibu kesho.