Kifutu, mama wa mihogo na kopo la maharage

Mama mmoja wa Bunyakiri, mashariki mwa Kongo, alinitupia mfuko wa saruji miguuni. "Daktari wa nyoka, ya leo hii hapa." Ndani mlikuwa na kifutu wa msituni, yule ambaye vitabu humwita Bitis gabonica, kichwa kimepondwa kwa jembe. Rangi zake zilikuwa bado hazijafifia: kahawia, zambarau, na vile vipande vya rangi ya maziwa mgongoni. Mlaze kwenye majani makavu, geuka upande, halafu umtafute tena. Hutamwona.

Alikuwa wa nne mwezi ule, na wote waliletwa hivyo hivyo, wamekwisha kufa.

Mimi nilitoka Bukavu na mpango mzuri wa utafiti wa nyoka, wa kwenye karatasi. Unapanda moto, yaani pikipiki, hadi Miti, unapita Tshivanga, unakatiza Hifadhi ya Kahuzi-Biega, unateremka upande wa pili mpaka koti linakuwa mzigo, ndipo Bunyakiri. Mpango ulisema nitawatia nyoka vifaa vya redio nijue wanakaa wapi na wanahama lini. Vifaa vile ni ghali, na vinahitaji daktari wa wanyama ampasue nyoka avizike ndani ya mwili. Sikuwa na kifaa wala daktari. Nilikuwa na utepe wa fundi cherehani, buti za mpira, daftari na lita mbili za formalini, dawa ya kuhifadhia maiti isioze.

Basi nikaanza na maiti. Unapima kutoka puani hadi tundu la haja, halafu mkia peke yake. Dume ana mkia mrefu kuliko jike. Unapasua tumbo. Mara nyingi nilikuta manyoya na kucha za panya, mara moja mguu mzima wa panya buku. Meno ya sumu ya nyoka huyu hufika sentimita 5, hakuna nyoka mwingine anayemzidi, na bado ni mpole kiasi kwamba watu wengi wanaoumwa ni wale waliomkanyaga gizani.

Yule wa kwenye mfuko wa saruji alikuwa jike. Kifutu hatagi, anazaa. Nilihesabu vitoto 31, kila kimoja kimejikunja kama tambi ndani ya ngozi yake. Jike hazai kila mwaka. Hukaa miaka miwili au mitatu kabla ya kubeba tena. Jembe moja, na hesabu ya miaka imefutika. Ongeza msitu unaogeuka makala, yaani mkaa (na makala hayo ndiyo ninayopikia bugali wangu mjini, sijitoi), utaelewa kwa nini mwaka 2021 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, walimwandika katika kundi la walio hatarini.

Formalini ilipoisha nilifanya ujinga. Nilinunua kanyanga, pombe kali ya kienyeji, nikawatumbukiza nyoka wawili kwenye ndoo, nikafunga kifuniko. Pombe ya kuhifadhia inatakiwa asilimia 70, na kanyanga ya kijijini haifiki huko, tena muuzaji alikuwa ameiongezea maji. Siku ya tano mwenye nyumba alinigongea alfajiri, kitambaa puani. Hakusema neno. Alinionyesha mlango, mimi na ndoo yangu.

Nilipohamia kwa Mzee jirani ndipo kazi ilipofunguka. Jioni watu walikuja kuota moto kwake na kunihoji. Walinionyesha jiwe jeusi, lile la mfupa wa ng'ombe uliochomwa, ambalo huku kwetu karibu kila nyumba inalo. Niliwaambia lilipopimwa halikuonekana kunyonya sumu, tukabishana hadi usiku, sikushinda. Ila tulipatana jambo jingine: ukimwona kifutu, rudi nyuma, niite. Sikulipa franka hata moja. Rafiki yangu aliwahi kulipa kwa kila kinyonga, akaletewa ndoo nzima.

Nyoka akiwa karibu na nyumba nilimhamisha, si mbali, mita mia mbili tu hadi ukingo wa msitu. Nyoka wa jamii hii ukimpeleka asikokujua hutangatanga, na wengi hufa. Akiwa shambani tulimwacha.

Na hapo ndipo yule mama wa mfuko aliponiokoa. Alimkuta kifutu chini ya mti kwenye njia ya shamba lake la mihogo. Nilisimika kijiti cha mwanzi hatua kumi kutoka hapo, nikampa kopo tupu la nyanya. Kila asubuhi akipita asimame kwenye kijiti, atazame, asisogee. Nyoka akiwepo, atie punje moja ya maharage. Kifutu ni mwindaji wa kungoja. Analala sehemu ile ile siku baada ya siku, kichwa juu ya mkunjo wake, panya wapite wenyewe. Redio ya nini, kama kuna mtu anayepita pale kila siku kwa miguu yake?

Wengine nao wakataka makopo. Nikaishia na saba.

Mwalimu anayenisimamia hakufurahi. "Mwanzoni ulileta nyoka wanne kwa mwezi, sasa miezi miwili hakuna hata mmoja. Sampuli zako zimekwenda wapi?" Nilimwambia ziko shambani, zinapumua. Alinyamaza kidogo, kisha akadai data ghafi.

Nilimwekea mezani kopo la mama. Akamwaga: maharage ya njano 11 na punje moja ya mahindi.

"Na hii mahindi?"

Nami nilikuwa nimemuuliza mama swali hilo hilo. Siku ile mvua ilinyesha kutwa, hakwenda shamba. "Siwezi kutia maharage kwa kitu sikuona," aliniambia.

Mwalimu aliirudisha punje ya mahindi koponi, peke yake, akaanza kuhesabu yale maharage upya.