Tangazo la serikali si zawadi

Nimefanya kazi idara ya matangazo gazetini, najua habari inavyozimwa bila gazeti kufungiwa. Tulichapisha habari ya zabuni iliyotolewa kinyume cha utaratibu. Wiki iliyofuata kurasa za matangazo ya serikali, zile za zabuni na nafasi za kazi, zikakauka. Hakuna barua, hakuna maelezo, simu hazipokelewi. Tangu hapo mhariri kila akishika habari nzito anauliza kwanza, "Hii haitatuponza?" Na pesa za matangazo hayo ni za walipa kodi, jamani! Uswidi iliwapa wananchi haki ya kusoma nyaraka za serikali tangu 1766. Nataka orodha ya vyombo vinavyolipwa matangazo, kiasi na vigezo, iwekwe hadharani kila mwaka, bila mtu kuiomba.