Ruaha Mkuu unapopenya milima

Ukishaiacha Mikumi kuelekea Iringa, barabara inazungukazunguka vilimani, kisha inashuka na joto linakupokea. Hapa Ruaha Mkuu umejikatia njia kati ya milima: Udzungwa kushoto kwetu, Rubeho kulia, barabara imejibana kando ya mto. Abiria wengi wakifika hapa wanasinzia. Hasara yao.

Ilikuwa kiangazi na mibuyu haikuwa na jani hata moja, mamia kwa mamia mpaka juu miambani. Mvua inayoletwa na upepo wa Bahari ya Hindi huishia kwenye misitu ya Udzungwa, miteremko ya mashariki. Bonde hili linaambulia vumbi. Nilidhani hata mto nitaukuta mchanga mtupu, lakini maji yalikuwepo, ya rangi ya udongo, yanapita kwa kasi kati ya mawe. Yanatoka bwawa la Mtera. Mitambo ya kule, megawati 80, ikishayatumia, yanateremka kwenye korongo hili hadi Kidatu, megawati 204. Yaani yameshafua umeme na yanakwenda kufua tena.

Ruaha Mbuyuni basi likasimama, na kabla mlango haujafunguka vitunguu vilishafika madirishani. Vyekundu, ndani ya nyavu, vingine kwenye sado iliyojazwa mpaka ikachongoka. Ng'ambo ya vibanda niliona mashamba yenyewe, kijani kibichi kando ya mifereji, na hatua chache tu kutoka hapo ardhi imepasuka kwa ukame.

"Mama, vitafika Mbeya hivi?"

"Vitafika, mwanangu. Angalia shingo, imekauka. Kikiwa na shingo laini usinunue, hata kwangu."

Alikibonyeza kimoja kwa kidole gumba kunionyesha. Nikachukua sado mbili.

Baada ya hapo ni Kitonga. Kona zimepandana, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine vilele vya miti vikiwa chini yako. Malori ya Zambia yanapanda kwa gia ndogo, na anayejaribu kuyapita kwenye kona zile mimi namhesabu mwendawazimu. Dereva wetu alivumilia nyuma ya lori la saruji mpaka juu, watu wakimnung'unikia.

Kule juu baridi, madirisha yakafungwa. Ilula wakatupokea kwa nyanya. Jirani yangu, ambaye naye alikuwa na vitunguu miguuni, akanunua ndoo nzima, akasema sasa kilichobaki ni mafuta.