Walitaka pampu kubwa, nikawapa geji

Nyumba za juu kilimani zilikuwa zikifungua koki asubuhi zinatoka hewa. Dawa ya kila mtu ilikuwa moja: nunueni pampu kubwa. Aliyeisema kwa sauti zaidi ni jamaa wa duka la vifaa, ambaye pampu anauza yeye.

Mimi fundi bomba wa jumuiya ya maji nikashusha EPANET, programu ya bure ya kukokotoa presha na mwendo wa maji kwenye mabomba, ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, ipo tangu 1993. Nikachora tangi na mabomba, nikabonyeza. Maji yakapanda kilima bila shida yoyote! Nikatamba siku mbili. Kumbe programu ilikuwa bado kwenye galoni na inchi, kwa hiyo bomba langu la milimita 90 lilikuwa la inchi 90, mtu anapita ndani bila kuinama. Weka LPS (lita kwa sekunde) kwanza, ndugu, ndipo isome milimita. Halafu kipenyo kinachotakiwa ni cha ndani: bomba la plastiki la HDPE la milimita 110, daraja la PN16 (la kuhimili baa 16), ndani lina 90 tu.

Kilichonitesa ni miinuko, maana programu inataka kimo cha kila sehemu. Simu ilinipa nyumba mbili za jirani zikipishana mita 12, na uwanja ni tambarare. Hapo ndipo nikajipongeza: nikachukua geji ya presha, elfu ishirini na kitu, nikatoka saa nane usiku mji umelala. Maji yasipotembea, hakuna presha inayopotea njiani, kwa hiyo geji inasoma kimo tu. Baa 1 ni kama mita 10 chini ya maji ya tangi. Nikazunguka bomba kwa bomba na tochi mdomoni, mbwa wananifukuza, mlinzi mmoja akataka kunipigia filimbi. Alfajiri nilikuwa na miinuko yote.

Saa kumi na mbili asubuhi, watu wakichota, nikarudia njia ile ile. Chini ya kioski cha tatu geji na kompyuta zilikubaliana. Juu yake kompyuta ilisema presha ya mita 14, geji ikasema mita 3. Usiku pale pale palikuwa sawa, kwa hiyo si mwinuko, kuna kitu kinabana maji yakitembea.

Tukachimba. Geti valvu, koki kubwa ya kufunga bomba, imefukiwa, imefungwa zaidi ya nusu. Nikaizungusha, na kabla sijapanda mlima mama mmoja alishapiga simu kwamba ndoo inafurika.

Mwenyekiti anauliza hadi leo nani aliifunga. Mwaka juzi paliwahi kupasuka bomba pale, na fundi aliyeziba anajulikana, ila sijaulizwa moja kwa moja.