Leso hii ni ya nani?

Picha za leso, yaani kanga, zimejaa mtandaoni. Ukitafuta sasa hivi utaziona kwa wingi, nyekundu, samawati, za maua, za korosho, zimetandazwa vizuri na jina, yale maneno yaliyochapwa juu yake, lasomeka bila taabu. Ninachokikosa katika karibu zote ni mtu. Nani aliinunua, alimnunulia nani, aliivaa siku gani, na yule aliyekusudiwa alipoisoma alifanya nini. NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE ikiwa bado imepangwa dukani Biashara Street, hapa Mombasa, ni bidhaa tu. Mwanamke akishaifunga kiunoni akapita nayo polepole mbele ya mlango wa jirani, hapo pamesemwa jambo, na mtaa mzima umesikia.

Hiyo ndiyo sababu naitunza tovuti hii. Wanaoniandikia wako makundi mawili: wa leso, na wale wanaotaka kujua nawezaje kuiweka hai miaka yote bila kampuni nyuma yangu. Leo nawajibu wote pamoja, kwani hapa nyumbani kazi hizo mbili hazitengani.

Leso ni za mamangu, na zilizo kongwe ni za nyanya. Zimo katika sanduku la mbao chumbani kwa mama, hapa Mombasa, zimekunjwa pamoja na asmini zilizokauka. Zipo doti ambazo hazijakatwa tangu zinunuliwe. Mama alikuwa akizingoja harusi au uzazi fulani, kisha mambo yakabadilika. Zipo zilizofuliwa mpaka wekundu umekuwa waridi. Zipo pia za upande mmoja tu, na hizo ndizo nizipendazo zaidi, kwa maana upande wa pili uko kwa mtu. Wanawake wawili wakipendana walikuwa wakinunua doti moja, wakaikata, kila mmoja akachukua wake. Upande wa MKIPENDANA MAMBO HUWA SAWA ulioko kwetu, mwenziwe uko Muscat kwa mama mdogo, aliyeolewa huko mamangu akiwa bado msichana. Nilimwomba aupige picha. Sasa pande hizo mbili zakaa kwenye ukurasa mmoja, wa Mombasa umepauka kwa jua na kamba ya kuanikia, wa Muscat bado una rangi yake kamili, na mama kila akija mgeni huagiza afunguliwe ukurasa huo.

Kupiga picha leso si jambo la kubahatisha. Nyekundu ya pamba huisumbua kamera ya simu: jua likiwa kali, rangi yote huungana ikawa bapa moja, na nakshi za ndani zikapotea. Kisutu ndiyo huathirika zaidi, nayo ndiyo leso ya bi harusi, yenye wekundu, weusi na weupe wake mdogo mdogo ambao lazima uonekane ndipo ujue ni kisutu. Kwa hivyo nangoja alasiri, mawingu yakipita, tunatandika shuka jeupe juu ya sakafu ya paa, tunailaza leso juu yake, nami napanda ngazi nikaipiga kutoka juu. Kitindamimba wangu hushika pembe upepo ukivuma kutoka baharini. Mikono yake yaonekana katika picha kadhaa. Uso wake hauonekani popote, na hautaonekana mpaka awe mtu mzima aamue mwenyewe.

Kila leso napiga picha nne. Ya kwanza ni nzima, pindo na mji (sehemu ya katikati) vyote viwemo. Ya pili ni ya jina peke yake. Ya tatu ni ya ile chapa ndogo ukingoni, ambayo watu wengi hawaitazami na wapiga picha wengi huikata. Hapo ndipo pameandikwa K.H.E. MALI YA ABDULLA, ikiwa ni ya Kaderdina Hajee Essak, duka la hapa hapa Mombasa lililoanza mwaka 1887. Au jina la kiwanda, kama Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa 1968. Picha ya nne ni ya kiraka, doa, mshono, au popote palipo na alama ya maisha. Leso aliyobebewa kaka yangu mkubwa ina mahali palipolegea pale fundo lilipokuwa likikaa. Nimepapiga karibu kabisa.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe huanza, nayo ni kukaa na mama. Siku zake nzuri ni Jumapili baada ya swala ya alasiri, kahawa ikiwa tayari na nyumba imetulia kidogo. Namwekea leso magotini. Simuulizi “hii ni ya mwaka gani”, kwa sababu mamangu hahesabu miaka hivyo. Namuuliza alikuwa wapi alipoivaa. Kwa mfano SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Mama aliinunua wakati marehemu baba alipoanza kuendesha basi la Malindi. Akasimulia alivyokuwa akimngoja usiku, na kwamba baba akichelewa alijua foleni ya feri ya Kilifi, njiani kwenda Malindi, imekuwa ndefu. Basi! Daraja la Kilifi lilifunguliwa 1991, kwa hivyo leso hii ni ya kabla ya hapo. Nimeandika hivyo hivyo ukurasani: kabla ya 1991, siku za feri ya Kilifi. Kwangu maelezo hayo yana uzito kuliko tarehe tupu, na msomaji mmoja wa Takaungu ameniongezea kumbukumbu zake za kivuko hicho ambazo sikuwa nazo.

Leso mpya husaidia pia. Ile ya HONGERA BARACK OBAMA iliyotoka baada ya uchaguzi wa Marekani wa 2008, yenye jina UPENDO NA AMANI AMETUJALIA MUNGU, haina haja ya kukisiwa. Mama aliinunua kwa sababu dada zake wote walinunua, akaivaa kwenye arusi ya binamu yangu, na picha ya arusi hiyo ipo. Naiacha hapo, nyote mnaikumbuka.

Kuna leso ambazo nimezipiga picha na sitaandika habari zake. USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO ilinunuliwa kwa ajili ya mtu maalum, na mama alinihadithia yote, kuanzia maneno yaliyosemwa kisimani mpaka siku waliyopatana. Alipomaliza akanishika mkono akasema, “Hilo mwanangu lisitoke.” Watoto wa yule bibi twaishi nao mtaa mmoja, tunazikana na kuozana. Ukurasa wa leso hiyo una picha nne, chapa, na sentensi moja: historia yake inabaki nyumbani. Wako walioniandikia kwamba naficha sehemu iliyo tamu kuliko zote. Naona wamekosea. Fumbo la leso lilitungwa ili lisomwe na mtu mmoja huku wengine wakikisia, na mimi sina haki ya kulifumbua mbele ya dunia nzima wakati mwenyewe aliyelinunua amekataa. Kanuni yangu ni hiyo hiyo kwa kila habari ya familia: mwenye kisa ndiye mwenye ruhusa. Akiwa amefariki, namuuliza mwanawe mkubwa.

Sasa niingie upande wa kompyuta, nao nitaupitia kwa haraka.

Zamani tovuti ilikuwa kwenye WordPress. Ni programu nzuri kwa wenye kuandika kila siku na wenye kundi la waandishi, lakini kwa kazi yangu ilikuwa nzito. Kila baada ya muda mfupi ilitaka kusasishwa, programu zake za nyongeza zikagombana, na kuna wakati maroboti ya matangazo yaliingia mengi kuliko wasomaji. Binti yangu mkubwa, anayesoma chuo, alikaa nami likizo nzima tukahamishia kila kitu kwenye kurasa nyepesi za HTML. Kila leso ina faili lake, na hakuna hifadhidata nyuma inayoweza kuharibika. Yeye alitengeneza kiolezo, mimi najaza maandishi. Picha ya simu ina megabaiti nne au tano. Tunaipunguza mpaka iwe chini ya kilobaiti 200, na ya jina tunaikata peke yake ili anayetaka kusoma tu asimalize bando. Mama mkwe wangu yuko Mpeketoni na simu yake ni ya zamani. Ukurasa ukifunguka kwake bila kukwama, najua utafunguka kwa wengine wote.

Jina la tovuti linaishia .me.ke, ambalo KeNIC, wasimamizi wa majina ya tovuti ya Kenya, imewatengea watu binafsi. Hulipiwa kila mwaka kwa M-Pesa, na mume wangu ndiye mwenye kukumbuka, kwa sababu siku ya malipo iko karibu na ya bima ya gari lake. Cheti cha usalama twakipata bure kwa Let's Encrypt. Hudumu siku 90, na seva hukihuisha yenyewe, lakini mimi hukikagua kwa macho kila mwisho wa mwezi, siku ileile ninayobonyeza viungo vyote kuona kipi kimekufa.

Nakala rudufu ndizo nisizofanyia mzaha. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na vyombo vya umeme hapa pwani huoza mapema. Umeme wenyewe hukatika na kurudi kwa kishindo. Kwa hivyo nakala moja iko kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje ambayo haikai nyumbani kwangu bali kwa kaka yangu Kisauni, na ya tatu nauomba mtambo wa Wayback Machine wa Internet Archive uihifadhi kila nikiongeza kurasa. Picha za asili, zile kubwa, nazitunza bila kuzipunguza. Marafiki huniuliza kwa nini nisiziweke tu katika mitandao ya kijamii, bure, wasomaji tele. Naziweka huko pia, moja moja, lakini huko mimi ni mpangaji, na mwenye nyumba anaweza kubadilisha vyumba au kufunga mlango asubuhi yoyote. Habari za mamangu hazitalala nyumba ya kupanga.

Jambo moja dogo lenye faida kubwa ni kuandika jina la leso kwa herufi za kawaida, mbali na picha. Mtambo wa kutafuta hausomi kitambaa. Na kwa kuwa leso nyingi huchapwa nje, India na kwingineko, hutokea maneno yakashikana au herufi ikaruka. Mimi naandika kwanza kama lilivyochapwa, kosa likiwa kosa, kisha chini yake naandika linavyosomwa. Vilevile kila picha ina maelezo yake ya maneno, ili asiyeona aweze kusomewa na simu yake rangi, nakshi na jina. Mwalimu mmoja asiyeona aliniandikia kwamba aliitambua kisutu ya bibi yake kwa maelezo hayo. Siku hiyo sikufanya kazi nyingine tena, niliwasomea watu wote nyumbani barua yake.

Tuliyonayo mbele yetu sasa ni leso za nyanya zenye jina kwa herufi za Kiarabu, kama zilivyokuwa leso zote zenye jina kabla herufi za Kirumi hazijashika. Mimi nazisoma kwa kusitasita. Mama, aliyesoma chuoni, yaani madrasa, kwa mwalimu tangu utotoni, anazisoma kama gazeti. Ugumu ni kwamba herufi moja ya ba huweza kuwa ba, pa au mba, na irabu mara nyingine hazikuwekwa, hivyo sentensi moja ina njia mbili za kusomeka mpaka apatikane mtu aliyeisikia ikitamkwa. Kwa leso tatu mama na mama mdogo wa Muscat bado wanabishana kwenye simu, na mimi nimewarekodi wote wawili kwa idhini yao. Tutaweka njia zote mbili za kuzisoma, kila moja na sauti ya msomaji wake. Kuziandika kwenye kompyuta tunatumia kibodi ya Kiajemi, kwa sababu ina pa, cha na ga ambazo kibodi ya Kiarabu haina.

Kama kwenu kuna leso ya aina hiyo, hata kipande, hata kilichogeuzwa mto au pazia, naiomba picha yake. Ipigeni mchana lakini si juani, jina lionekane lote, ukingo wenye chapa usikatwe. Na msinitumie bila kuniambia ni ya nani na aliivaa wapi. Kama mwenyewe yu hai, muulizeni kwanza kama ataka habari zake ziandikwe. Akikataa, nitumieni picha peke yake, nitaipokea kwa mikono miwili.