Jirani wa juu, maji ya dagaa na mimi mlokole

Aliyepanga Mabatini, Mwanza, kule mlimani anajua: jirani wa kuogopa si wa kushoto wala wa kulia, ni wa juu. Nyumba zimepandana kwenye mawe, pa kuchimba karo hakuna, kwa hiyo wa juu akimwaga, wa chini anapokea. Wa chini ni mimi.

Mama wa juu yangu anakaanga dagaa na kuuza. Anawachukua soko la Mwaloni, Kirumba, wale wa kuanikwa mchangani, na lazima awaoshe maji matatu mpaka mchanga uishe. Maji yote matatu yalikuwa yanashukia uani kwangu. Harufu sielezi. Nilipumzika siku za mbalamwezi tu, maana mwezi ukiwaka taa za wavuvi hazivuti kitu na dagaa wanaadimika.

Ushauri nilipewa wa kila aina. "Mwombee ahame." Fundi mmoja wa kwaya akataka nijenge ukuta ili maji yamrudie mwenyewe, sijui maji ya kupanda mlima aliyaona wapi. Ila aliyenikera kuliko wote ni wa "mpende tu moyoni". Moyoni kwenyewe kumejaa hasira, huo upendo ungekaa wapi?

Nikakimbilia Warumi 12, pale adui akiwa na njaa umlishe, utampalia makaa ya moto kichwani. Kusema kweli mimi nilivutiwa na makaa. Nikanunua sato wa maana, elfu kumi na kitu ikaenda, nikampika kwa nazi, nikajifunga kitenge kipya na kupanda mawe nikihema.

"Hodi!"

"Karibu, mlokole."

Nikamkabidhi sahani kwa tabasamu lile la mbele ya kamera. Habari ya maji sikugusa hata neno, makaa yatamwambia. Jumapili nikasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba Bwana amemgusa jirani yangu. Makofi, vigelegele. Jumatatu asubuhi sahani ikarudi imejaa dagaa wa kukaanga, watamu hasa, na kabla sijamaliza kuwatafuna yakashuka maji yale yale, moja kwa moja juu ya joho langu la kwaya nililolianika kwenye jiwe. Joho jeupe. Nilikaa juu ya ndoo nikacheka, halafu nikalia kidogo.

Sasa, huku kwetu presha ya maji inapanda watu wakishalala. Usiku mmoja, kama saa nane, nimeamka kukinga, nikasikia kandambili kwenye mawe. Ni yeye, ndoo kichwani, anapandisha maji kutoka bombani kule chini. Kumbe kwake hayafiki kabisa. Yale maji matatu niliyokuwa nayalaani, shingo yake ndiyo iliyoyapandisha.

Sikumpenda papo hapo, nisidanganye. Niliomba nguvu ya kuamka tu, usiku mmoja mmoja. Wafilipi 4:13 nimeiimba miaka na miaka, "nayaweza mambo yote", sikujua mojawapo ni kutoka kitandani saa nane kwa ajili ya mtu niliyemnunia.

Nikanunua mpira wa kupandishia maji kwake. Usiku wa kwanza ukajikunja kwenye kona ya jiwe, maji yakagoma. Wa pili ukapasuka pale pale, nikaoga nisipotaka. Dawa ikawa tyubu kuukuu ya baiskeli: niliikata vipande virefu, nikauviringishia mpira mahali pa kona, nikakaza mpaka ukawa mgumu kama mkono uliovunjika ukafungwa hogo. Hapo haukunji tena. Maji yakafika kwenye pipa lake, taratibu, lakini yakafika. Fundi wa ukuta nilimwita aje aone maji yanavyopanda mlima.

Wiki ya pili akaniuliza, akifunika pipa: "Mlokole, hivi maji yangu ninayomwaga yanaishia wapi?"

Kutoka kwake uani kwangu hakuonekani, jiwe limeziba. Mwaka mzima nimenuna, na hakuna aliyemwambia.

Saruji mifuko miwili, mmoja wake mmoja wangu, kijana akatupitishia mfereji katikati ya mawe. Unaziba mchanga kila baada ya siku chache. Ukiziba, anachungulia juu ya jiwe kabla ya kumwaga: "Mlokole, toa joho!"

Natoa.